Namba Iliyoganda

Kila asubuhi ya likizo ya mwezi wa sita, Asteria alivuka reli ya Makambako kwenda kwenye chumba cha kazi cha mama yake mdogo, Judith. Alipenda kupita mapema, ukungu ukiwa bado umelala juu ya mabati. Honi ya treni ilisikika kwa mbali, ikasogea, ikapita, na treni yenyewe isionekane. Asteria alisimama, mikono ameikunja ndani ya sweta, akawaza kwamba labda mji mzima ulikuwa unaelea taratibu kuelekea mahali asipopajua.

"Leo tena umesimama njiani unaota," Judith alisema akimmiminia chai.

"Kidogo tu, mama mdogo," Asteria alijibu, nao wakacheka.

Judith alitengeneza tovuti za shule na vikundi. Likizo hiyo alimpa Asteria, aliyekuwa darasa la sita, kazi ya kweli. Bibi yake, Bibi Telesia wa Kifanya, pamoja na akina mama wenzake walikuwa na kitalu cha miche ya parachichi. Adui yao alikuwa sakitu, umande unaoganda alfajiri ukawa mweupe majanini. Mche mchanga ukipigwa na sakitu, jua likichomoza unageuka mweusi kama uliounguzwa.

Judith alikuwa amefunga kipimajoto kitaluni, kikituma vipimo kwa mtandao wa simu. Asteria alitakiwa kutengeneza ukurasa wa kuvionyesha. Simu ya kikundi ingekaa dirishani kwenye kibanda cha kitalu, ukurasa ukiwa wazi mchana kutwa. Hewa ikiwa salama, ukurasa ungekuwa wa kijani. Baridi ya hatari ikija, ungegeuka wa bluu wenyewe, na akina mama wangefunika miche kabla ya kwenda nyumbani.

"Simu haielewi mwandiko wetu huu mfupi," Judith alimweleza siku ya kwanza. "Kwa hiyo tunaupitisha kwanza kwenye programu inayoitwa kigeuzi. Kinasoma faili letu la chanzo, kisha kinatoa faili jingine refu ambalo simu inalielewa. Namba unayotaka iwe hai, iwekee alama hii. Kigeuzi kikiona alama, kinaongeza chenyewe maelekezo ya kuifuatilia. Joto likibadilika, namba inabadilika, na rangi inabadilika."

"Na bila alama?"

"Namba inachukuliwa mara moja ukurasa unapofunguliwa, halafu inaganda hapohapo."

Asteria alizitazama herufi kwenye kioo cha kompyuta. Aliiona namba kama kitu kidogo kilichoketi ndani ya simu huko Kifanya, macho wazi, kikisikiliza upepo wa misitu ya misindano. Mawazo hayo yalikuwa matamu. Aliandika huku yakimbeba, na hakugundua kwamba alama ile hakuiweka.

Alipojaribu ukurasa wake, namba ilikaa pale pale. Alisoma chanzo mara kadhaa asione kosa. Kuuliza aliona haya, kwa kuwa mama mdogo alikwisha kumweleza. Basi akafungua lile faili refu lililotoka kwenye kigeuzi. Lilikuwa limesongamana kama kichaka. Alipapasa humo mpaka akapata mahali pa namba, akachomeka mstari wake mwenyewe wa kuilazimisha ibadilike. Ikabadilika!

"Imekubali?" Judith aliuliza.

"Imekubali."

"Umerekebisha kwenye chanzo, sivyo?"

Asteria alikunja pindo la sweta lake. "Ndiyo, mama mdogo."

Ukurasa ukapelekwa mtandaoni. Bibi Telesia alipiga simu kwa furaha, akamsalimu kwa Kibena. "Kamwene, mjukuu wangu! Rangi tunaiona hapa. Sasa hatuna haja ya kubahatisha." Asteria alifurahi, lakini furaha yenyewe ilikuwa na jiwe dogo ndani yake.

Siku chache baadaye, mchana, Judith alikuza herufi za jina la kikundi ili wenye macho hafifu wazisome. Akapitisha chanzo kwenye kigeuzi upya, akapeleka faili jipya mtandaoni, kisha akampigia Bibi Telesia aufungue ukurasa tena. Asteria hakuwaza lolote. Aliufungua naye kwenye kompyuta, akaanza kuchora miche pembezoni mwa karatasi.

Jioni anga la Makambako lilikuwa safi, bila hata kipande cha wingu. Vivuli vilirefuka kwenye reli, na baridi ikaanza kupenya chini ya mlango. Asteria alivaa koti, akautazama ukurasa. Ulikuwa wa kijani. Namba ilikuwa ileile ya mchana, jua lilipokuwa utosini.

Akaufunga ukurasa na kuufungua upya. Namba ikaporomoka, na kioo chote kikawa bluu.

Hapo akaelewa. Kigeuzi kilikuwa kimetoa faili jipya kutoka kwenye chanzo chenye kosa, na ule mstari wake wa kuchomeka ulikuwa umefutika. Huko Kifanya simu ilikuwa bado dirishani, ya kijani, ikiwaambia akina mama waende zao nyumbani.

Angeweza kusema mtandao umekatika. Maneno hayo yalimjia mdomoni, mepesi kabisa. Lakini aliiona miche ile imesimama kwenye viriba vyake, vile vifuko vya udongo, ikisubiri.

"Mama mdogo," alisema, "nilikudanganya. Sikurekebisha chanzo. Nilichomeka kwenye faili lililotoka. Sasa ukurasa wa Bibi umeganda, na sakitu inakuja."

Judith alimsogezea simu. "Piga simu kwa Bibi. Ya kugombezana tutayafanya baadaye."

Simu ya Bibi Telesia iliita mpaka ikakatika. Wakampigia Mama Noela, jirani na mwenzake kitaluni, aliyekuwa ameshafika nyumbani kwake. Asteria hakumpa Judith simu. Alizungumza mwenyewe.

"Shikamoo, Mama Noela. Msiiamini rangi ya kijani, ni kosa langu. Tafadhali waite wenzako mkafunike miche."

"Marahaba, mwanangu. Ngoja nimkimbilie bibi yako."

Asubuhi yake Asteria na Judith walipanda basi la kwanza kwenda Njombe, kisha gari jingine hadi Kifanya. Majani ya pembeni mwa barabara yalikuwa meupe, yakimetameta chini ya jua changa kama nchi ya ndotoni. Asteria alitamani yasingekuwa mazuri hivyo.

Kitaluni, akina mama walikuwa wanaondoa maturubai na nyasi. Karibu miche yote ilikuwa mibichi. Lakini tuta la chini, karibu na kijito, halikuwahi kufunikwa. Giza liliwakuta nyasi zimekwisha. Miche yake ilikuwa imenywea, majani meusi.

Asteria alisogea mbele ya Bibi Telesia. "Shikamoo, Bibi. Nilificha kosa langu. Naomba mnisamehe wote."

"Marahaba." Bibi alishika jani jeusi, likavunjika mkononi. "Imeniuma, Asteria, sitakuficha. Sasa nionyeshe ulichoharibu."

Judith alifungua kompyuta juu ya benchi la kibanda lakini hakugusa kitu. Asteria alisoma chanzo polepole, mstari kwa mstari, kidole kikifuata kila neno. Safari hii hakuacha mawazo yampeperushe. Alipoufikia mstari wa namba, aliona pengo. Akaweka alama. Wakakipitisha chanzo kwenye kigeuzi, wakapeleka faili mtandaoni, wakafungua ukurasa kwenye simu ya dirishani.

"Bado ni kijani," Mama Noela alisema kwa wasiwasi.

Asteria alichukua kopo, akachota maji ya kijito yaliyokuwa baridi kama barafu, akakitumbukiza kipimajoto. Wote wakasogea dirishani. Hakuna aliyeigusa simu. Namba ikashuka, ikashuka tena, na taratibu kioo kikageuka bluu. Akina mama wakapiga vigelegele.

"Jaribu sasa kukipitisha upya," Judith alisema.

Asteria akakipitisha upya. Namba iliendelea kuwa hai.

Judith alimwekea mkono begani. "Ninacholaumu ni usiri wako, si kosa lako. Hata mimi huisahau alama ile. Kosa ukilifunika juu juu, linarudi siku usiyoitarajia. Ukilifuata mpaka lilipoanzia na kulirekebisha pale, limekwisha."

"Na ukishindwa kuliona, uliza," Bibi Telesia aliongeza. "Aibu ya kuuliza inapita haraka. Haya ya leo yasingetukuta kama ungeuliza. Ila jana ulisema kweli kungali na mwanga, na ndiyo maana miche mingi iko hai. Ukweli usiucheleweshe, mjukuu wangu. Kuna watu wanaoutegemea."

Kisha akamkabidhi koleo na mafungu ya viriba vitupu. Asteria alivua koti, akapiga magoti kwenye tuta la chini, akaanza kujaza udongo.