Macho Huchorwa Mwisho

Rafiki yangu mchora kuta si mtu wa kuzua mambo. Kundi lao halimchori mwenzao ukutani mpaka awe amefariki, na macho huyaacha mwisho kabisa.

Mwenzao mmoja alifariki, picha yake ikabaki bila macho, na mama wa marehemu akampigia rafiki yangu simu. "Mwanangu, mmalizie mwenzako macho. Usimwache gizani."

Akaenda mchana kweupe kwenye picha hiyo, katika kivuko cha chini ya barabara ambako taa zote zimekufa. Akiwa anachora jicho la pili, akasikia kopo la rangi likitikiswa pembeni yake, gololi ya ndani ikigonga ko-ko-ko.

"Nani wewe?"

Akageuzia huko mwanga wa simu aliokuwa akichorea. Kando ya picha ya marehemu palikuwa na sura ya rafiki yangu mwenyewe, rangi mbichi ikichuruzika.

Jicho moja la sura hiyo lilikuwa tayari. Kopo likatikiswa tena.