Mbegu za Dume Aliyekufa

Ludovika wa Mshangano alikuwa na ng'ombe mmoja tu, na maziwa yalikuwa yanakauka. Mara mbili ng'ombe alikuwa amepandishwa kwa mrija wa mbegu, bila dume. Mara mbili hakushika mimba. Bila ndama, hakuna maziwa.

Mbegu zilikuwa za dume wa kikundi cha wafugaji. Mabinti wa dume yule walikuwa na maziwa mengi, tena walivumilia kiangazi. Radi ikamuua. Zikabaki mbegu zake kwenye mtungi wa baridi, nyumbani kwa Pankrasi, mwenyekiti wa kikundi.

Jumapili baada ya misa, Ludovika alipita kwa Pankrasi. Akakuta wageni wanakunywa pombe ya komoni. Pankrasi alifungua mtungi, moshi mweupe ukafuka. Akanyanyua kikombe chenye mirija juu kabisa.

"Mwoneni dume wetu!"

Wageni wakapiga makofi. Watu wengine, jamani!

Ludovika alipandwa na hasira. "Mwenyekiti! Si tulikatazwa kufungua?"

"Punguza ukali, mama. Nawaonyesha tu, kama kila Jumapili. Nikizirudisha zitaganda tena."

Kesho yake Ludovika alimleta Skolastika, mtaalamu wa mifugo. Mtaalamu akapima mbegu kwa hadubini. Za kikombe kile, ambazo ng'ombe alipandishwa nazo, hazikucheza hata moja.

"Humu mna naitrojeni ya maji, hewa iliyopozwa mno hadi ikawa kimiminika," alisema. "Friji haifikii baridi hii hata kidogo. Mbegu hukaa humu miaka mingi bila kuharibika. Ukizinyanyua juu ya shingo ya mtungi, zinapata joto, zinakufa. Ukizirudisha, umerudisha maiti."

"Dume hayupo tena!" Ludovika alifoka. "Tutampata wapi mwingine? Sifa zako zitatumaliza!"

Pankrasi akaufunika mtungi haraka.

Kwa bahati, kikombe cha pili kilikuwa hakijaguswa. Kikundi kilimnyang'anya Pankrasi ufunguo wa mtungi. Skolastika akawafundisha kupima naitrojeni kwa kijiti kila wiki, maana hupungua yenyewe, na kuijaza mapema. "Isiwaguse, inaunguza kwa baridi. Na mtungi ukae penye hewa ya kutosha."

Ng'ombe alipoingia tena joto la kutaka dume, Skolastika aliyeyusha mrija mmoja kwenye maji ya uvuguvugu, akampandisha papo hapo. Safari hii mimba ikashika. Akazaliwa ndama jike, na watoto wa Ludovika wakanywa maziwa hadi wakasaza.

Pankrasi akaja na wageni wake. "Tumekuja kumwona ndama."

Ludovika alisimama mlangoni mwa banda. Hasira ilikuwa haijaisha.

"Mwoneni," alisema. "Lakini wewe, Mwenyekiti, mikono nyuma!"