Shingo ya Kijivu

Kila asubuhi mjukuu wangu Monika huamkia kwa punda kwanza, ndipo aje kuniambia shikamoo. Simlaumu. Hapa kwetu Kasense wengi wana ng'ombe wa kulimia, lakini sisi tuna punda mmoja tu, jike la rangi ya majivu tunayemwita Kijivu. Monika humtoa mawe kwenye kwato, humsugua mgongo kwa gunzi la mahindi, kisha humpeleka kunywa maji.

Jioni ana kazi nyingine. Kijivu akishafunguliwa kwenye mkokoteni, Monika humpapasa mwili mzima, hasa shingoni inapokaa nira, aone kama amechubuka. Kazi hiyo alipewa na baba yake, mwanangu Nestory.

Mwaka huu, mavuno ya ulezi yalipoanza, Kijivu aligoma. Alisimama katikati ya njia, masikio ameyalaza nyuma, mkokoteni umejaa. Gift, kijana wa jirani, alicheka sana.

"Monika, punda wako amefunga ofisi!"

"Nyamaza wewe! Juzi baiskeli yako ilikubeba, au uliibeba?"

Siku ya tatu Nestory alichoka. Tulipokuwa tunakula chakula cha mchana alisema, "Jumamosi mzee Zenon wa kijiji cha Milanzi anakuja kumchukua huyu punda. Atatupa ndama dume. Monika, unamkagua kila jioni?"

"Ndiyo, baba. Hana kitu."

Niliuona mkono wa Monika umesimama juu ya ugali.

Ijumaa alasiri alinifuata jikoni, akanishika mkono hadi kwa Kijivu. Alipoinua manyoya ya shingo, niliona vidonda viwili, kila kimoja kipana kama kiganja. Punda alitetemeka.

"Bibi, nilidanganya. Wiki nzima sijampapasa. Nilikuwa nakimbilia kucheza mpira wa rede na mwenzangu Bertilla. Nikimwambia baba atanichapa."

"Pengine. Na usipomwambia?"

Alimtazama Kijivu. "Ataondoka na vidonda vyake. Na huko nako watamwita mvivu."

Alifuta machozi, akaenda mwenyewe kwa baba yake aliyekuwa akitengeneza gurudumu. Mimi nilibaki nyuma kidogo.

"Baba, Kijivu si mvivu. Anaumwa shingo. Nilikwambia namkagua, kumbe simkagui. Naomba asiende."

Nestory aliweka spana chini. Alikwenda akaitazama ile shingo kwa muda mrefu, kisha akampigia simu Ndimyake, afisa mifugo wa kata. Kijana huyo alifika kwa pikipiki kabla jua halijazama. Alivisafisha vidonda, halafu akaomba kuiona nira.

"Nani alichonga hii?"

"Mimi," alisema Nestory.

"Umechonga vizuri, mzee, lakini hii ni ya ng'ombe. Ng'ombe ana nundu ya kusukumia nira. Punda hana, nguvu zake ziko kifuani. Mshonee mkanda mpana na laini wa kifua. Kwanza apone."

Nestory alitikisa kichwa. "Kumbe nimemvisha punda shati la ng'ombe!"

Jioni hiyo hiyo mzee Zenon aliambiwa asije. Monika aliosha vidonda asubuhi na jioni kwa maji ya uvuguvugu yenye chumvi, akapaka dawa. Gift naye alikuja na baiskeli yake bila kuitwa, akabeba ulezi wetu gunia moja moja. "Nilimcheka mgonjwa, bibi," aliniambia kwa aibu. Nilimpa kikombe cha togwa.

Mkanda tuliushona kwa gunia lililokunjwa mara nne. Ndani tuliweka sweta kuukuu la shule la Monika. Vidonda vilipofunga, alianza kumzoesha Kijivu. Kwanza alimtembeza na mkanda mtupu. Baadaye Kijivu alivuta gogo dogo, kisha mkokoteni usio na mzigo. Akisimama, Monika naye alisimama, akamkuna nyuma ya sikio na kumngoja.

Siku ya kuleta magunia ya mwisho, tulisimama wote kwenye mteremko wa nyumba yetu. Kijivu alifika chini ya kilima, akasimama. Monika hakumpiga wala kuvuta kamba. Aliweka tu mkono begani mwake. Kijivu akainamisha kichwa, akaegemeza kifua kwenye mkanda, na magurudumu yakazunguka. Alipanda hadi juu bila kusimama tena. Nilipiga vigelegele mpaka nikakohoa.

Magunia yaliposhushwa na Kijivu akapumzika, Nestory alimnyanyua binti yake akamkalisha mgongoni mwa punda. Ilikuwa mara yake ya kwanza kumpanda. Alikaa wima, mashavu yamemjaa tabasamu.

"Monika," baba yake alisema, "ulikosea kunidanganya, usirudie tena. Lakini ulikuja kusema mwenyewe, wala hukushikwa. Ungenyamaza, nami nisingelijua kosa langu, na punda mwema angeondoka na jina baya. Mnyama hawezi kusema anapoumia. Sisi tunaomtunza ndio tunaopaswa kumtazama vizuri na kusema kweli."

"Nimeelewa, baba."

"Haya, mpeleke mwenzako akanywe maji."

Waliondoka polepole. Majirani wakatoka nje kuwatazama, na kila mpita njia aliyeniuliza yule ni nani juu ya punda, nilimjibu kwa sauti kubwa kwamba ni mjukuu wangu.