Kisu Kilikuwa Mfukoni Mwangu

Nina umri wa miaka thelathini na sita, mchimbaji mdogo huku Geita, baba wa mtoto mmoja. Naandika haya kwa sababu nimechoka kusifiwa na watu wasiojua nilichofanya...

Mwaka jana duara letu, yaani shimo tunalochimba, lilitoa mawe mazuri ya dhahabu. Mke wangu, Mama Neema, aliomba tununue mtamba tumpeleke kwa wazazi wake, Shinyanga vijijini. Mimi nikaenda Kalangalala, mjini, nikanunua kisu cha kukunja! Cha kigeni, mpini wa pembe, makali ya kunyolea ndevu. Bei yake ilikuwa sawa na ya mtamba huyo. Mama Neema aliponiuliza kama kitatoa maziwa, nilimwambia hajui vitu vya thamani.

Na kazi yake ilikuwa nini? Kumenya machungwa mbele ya watu. Wenzangu walikuwa na visu vya mhunzi, vya kukatia kamba na viroba. Changu nilikiviringisha kwenye kitambaa. Yeyote aliyetaka kukiazima nilimwambia nimekiacha nyumbani. Nilizoea kusema hivyo hata kabla mtu hajamaliza kuomba.

Siku ya mkasa tulikuwa wawili tu kwenye winchi, mimi na Masanja, mdogo wake Mama Neema, niliyemtoa kwao mimi mwenyewe. Wengine walikuwa mbali, kwenye karasha, wakisaga mawe, na chini shimoni hakukuwa na mtu. Tulikuwa tunavuta kiroba cha mwisho. Mpini wa winchi ukaniponyoka, kiroba kikashuka kwa kasi, kamba ikamzunguka Masanja mkono na kumbana kwenye gogo la winchi. Nilijaribu kukivuta kiroba peke yangu nikashindwa. Kamba ikazidi kukaza.

“Shemeji, kisu! Kata kamba!”

Ilikuwa kazi ya nusu dakika... Lakini kamba ile ilikuwa imejaa mchanga wa mawe, na gogo lilikuwa na misumari. Niliyafikiria makali ya kisu changu. Ndiyo, ndugu zangu, niliyafikiria! Nikamjibu, “Nimekiacha nyumbani.”

Nikakimbia kwa mama lishe kuazima kisu cha kukatia vitunguu, huku changu kikinigonga pajani. Cha mama lishe kilikuwa butu. Niliikereza kamba ile huku Masanja akimwita mama yake kwa Kisukuma, “Mayu... mayu...” mpaka akanyamaza.

Hospitali walimkata mkono, na ulikuwa wa kulia. Daktari alisema kama ungefunguliwa mapema, huenda ungepona. Nililia kuliko wote waliokuwepo. Watu wakanisifu kwa kukimbilia kisu cha mama lishe na kumbeba mgongoni hadi barabarani.

Siku ya tatu Mama Neema alichukua nguo zangu kwenda kufua. Akarudi na suruali na kile kitambaa, kisu kikiwa ndani yake.

“Baba Neema, siku ile ulivaa suruali ipi?”

Nilinyoosha mkono kukichukua kisu. Aliniambia niende nikamwambie Masanja mwenyewe, maana yeye hana mdomo wa kulisema jambo hilo. Kisha akafunga mizigo yake na ya mtoto.

Masanja aliporuhusiwa kurudi kwao, nilimfuata. Nilimkuta nje, mama yake akimlisha matonge ya ugali, mwanamume mzima, kwa kuwa alikuwa anaona aibu kula kwa mkono wa kushoto. Nikawaambia yote. Masanja hakunitukana. Aliomba akione kisu. Akapitisha kidole gumba kwenye makali taratibu.

“Kumbe ni kikali kweli,” akasema, akanirudishia.

Mama mkwe wangu akachukua sahani akaingia ndani. Mpaka leo shikamoo yangu haiitikiwi katika nyumba ile, na Mama Neema hajarudi.

Huwa nasikia vijana wakibishana kama kisu cha bei mbaya kinastahili pesa yake. Siwezi kuwaamulia. Changu hakijawahi kukata chochote zaidi ya machungwa! Ninachowaomba, wasomaji wenzangu, mkinunua kitu kizuri kitumieni mpaka kichakae. Na kama unakionea huruma kuliko ndugu yako, kirudishe dukani leo, kabla hajakuita.