Tarumbeta la Watu wa Ng'ambo

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Mapafu alipiga tarumbeta uani, nyuma ya kibanda cha babu yake. Babu alikuwa fundi viatu. Akiwa ndani anagonga visigino, nyundo yake ilifuata wimbo wa mjukuu, na mjukuu akikosea, nyundo ilinyamaza mpaka arudie. Jina la Mapafu alipewa na wenzake wa bendi ya shule, siku aliyopuliza sauti moja ndefu hadi mwalimu wa muziki akamsihi apumue. Jina likamganda, na hata Babu alikuwa karibu kulisahau lile la kuzaliwa.

Tarumbeta lenyewe lilikuwa kuukuu, la shaba, limebonyea karibu na mdomo wake mpana. Babu alirudi nalo kutoka vitani akiwa kijana mbichi. Vitu vya namna hiyo, vilivyotekwa kwa adui, watu waliviita nyara, na karibu kila nyumba ya askari wa zamani ilikuwa nacho kimoja: darubini, bendera, kofia ya chuma. Ng'ambo ya mto nako, katika nchi iliyokuwa adui, walikuwa na nyara zao zilizotoka huku. Vita vilikwisha zamani, daraja likajengwa upya, malori yakapita huku na huku, lakini nyara zilibaki zimetundikwa ukutani.

Mwaka huo askari wazee wa pande zote mbili walikubaliana wakutane ili warudishiane. Kukutana kulikuwa rahisi. Kurudishiana ndiko kulikozua kasheshe. Mkutano ulifanyika katika ukumbi wa shule, na wanafunzi waliruhusiwa kukaa nyuma, mradi wawe kimya.

"Waanze wao!" alifoka mzee mmoja mwenye mkongojo. "Wao ndio waliotuchokoza!"

"Mliovuka mto ni nyinyi!" akajibu mgeni mmoja, tayari amesimama. "Nyinyi ndio muanze!"

Kijiti, mpiga ngoma wa bendi, alimnong'oneza Mapafu sikioni. "Ingekuwa sisi, saa hizi tungekuwa tunafagia shule nzima."

Mapafu alibana kicheko. Wakati huo huo mwanamke mmoja wa makamo akasimama miongoni mwa wageni. Alikuwa fundi cherehani, na futi ya kupimia nguo ilikuwa bado inaning'inia shingoni, kama mtu aliyetoka kazini mbio.

"Mimi sikuja kugombana," alisema. "Kaka yangu alikuwa mpiga tarumbeta wa kikosi chetu. Alikwenda vitani na tarumbeta la marehemu baba, na hakurudi. Alipokuwa mdogo aliliangusha kwenye ngazi, likabonyea karibu na mdomo. Mama akamchapa, halafu akalia yeye. Mama bado yu hai, lakini hatoki kitandani, na macho yake hayaoni tena. Anataka alishike. Na kama yupo wa kulipuliza, alisikie japo mara moja. Aliye nalo hapa, namwomba."

Babu akainuka polepole.

"Liko kwangu, mwanangu," alisema. "Nilimkuta kaka yako amelala kando ya reli, tarumbeta likiwa kifuani. Kesho asubuhi nitakuletea hapa hapa."

Fundi cherehani alifunika uso kwa mikono. Kiongozi wa wageni akasema kwamba, ikiwa ni hivyo, nao kesho wataanza kutoa vya kwao. Cha kwanza kingekuwa mkanda wa askari, mkanda uliokatika ukashonwa kwa uzi mwekundu. Aliposikia hivyo, mpishi wa shule aliyekuwa mlangoni alishika mwimo wa mlango asianguke. Uzi ule aliutia yeye mwenyewe, na mvaaji wa mkanda alikuwa mume wake, ambaye hakuna aliyejua alizikwa wapi.

Mapafu hakumwona mpishi. Alikuwa akimtazama Babu kwa hasira. Mashindano ya bendi yalikuwa karibu, na shule haikuwa na tarumbeta jingine. Babu angewezaje kuligawa bila hata kumuuliza anayelipiga?

Jioni, Babu alipokwenda kununua gundi, Mapafu alilichukua tarumbeta, akalipeleka katika stoo ya bendi, akalisukuma ndani ya ngoma kubwa iliyopasuka.

Asubuhi Babu alipekua nyumba nzima. Alitazama chini ya kitanda, nyuma ya kabati, mpaka ndani ya pipa la mabaki ya ngozi.

"Mjukuu wangu, tarumbeta umeliweka wapi?"

"Sijaliona, Babu. Labda mwizi ameruka ukuta."

Babu alimtazama usoni, akaamini. Mapafu hakuwa amewahi kumdanganya. Wakaenda ukumbini pamoja, Babu mikono mitupu, Mapafu amemshika mkono.

"Limeibwa," alisema Babu mbele ya watu wote.

"Limeibwa!" kiongozi wa wageni alicheka kwa uchungu. "Miaka yote lilikaa salama, likaja kuibwa jana! Nyinyi watu ni waongo tangu zamani."

Fundi cherehani hakupaza sauti. "Baba, ungenyamaza jana, ningeondoka nimekata tamaa, basi. Sasa mama nitamwambia nini? Nimeshampigia simu kwamba limepatikana."

Wageni walifunga mizigo yao, pamoja na ule mkanda, wakaondoka. Mpishi alilifuata gari lao mpaka getini, akasimama pale muda mrefu baada ya vumbi kutua.

Siku zilizofuata zilikuwa chungu. Wengine walimpita Babu bila salamu. Lakini kilichomwumiza zaidi ni sifa. Mzee wa mkongojo alikuja kibandani akicheka, akampa mkono: "Umewaweza, bwana! Limeibwa! Umewaweza kweli kweli!" Babu aliuchomoa mkono wake kama aliyeshika kaa la moto. Mapafu naye hakupata alichokitaka. Tarumbeta si kitu cha kupigwa kwa siri. Angelipuliza mara moja tu, mji mzima ungejua. Bendi ilikwenda kwenye mashindano na ngoma na filimbi, ikarudi bila kitu.

Mchana mmoja Mapafu alirudisha sahani jikoni, akamkuta mpishi ameinamia sufuria, machozi yanamtiririka.

"Shikamoo, mama. Unalia?"

"Marahaba, mwanangu. Ni moshi tu."

Lakini moto ulikuwa umezimwa. Mpishi aliona mtoto amegundua, akajifuta kwa aproni.

"Nilikuwa nimeshachagua mahali pa kuuzika ule mkanda," alisema. "Nyuma ya nyumba, penye kivuli. Mtu ukiwa na kaburi, unajua pa kukaa unapotaka kuzungumza na mwenzako. Mimi sijui nikae wapi."

Mapafu aliziweka sahani chini, akatoka mbio mpaka stoo. Dakika chache baadaye tarumbeta lilikuwa juu ya meza ya Babu, katikati ya viatu vya watu.

"Nililificha mimi, Babu. Hakukuwa na mwizi."

Alikaza mwili akisubiri kofi. Halikuja. Babu aliweka nyundo chini.

"Siku ile waliponiita mwongo," aliuliza taratibu, "wewe ulikuwa wapi?"

"Kando yako."

"Umenishika mkono."

"Ndiyo, Babu."

Babu akageukia ukuta. Mabega yake yalitikisika, na Mapafu akatamani kofi. Kisha mzee akafunga kibanda, ingawa jua lilikuwa bado juu. "Vaa viatu," alisema. "Tunavuka mto."

Walipanda basi. Ng'ambo walimuulizia fundi cherehani mpaka wakaonyeshwa nyumba yenye cherehani barazani. Alikuwa akishona sare za shule. Aliliona tarumbeta kabla ya kuwatazama nyuso. Akalipokea, akapitisha kidole pale lilipobonyea.

"Mmechelewa," alisema. "Tumemzika Ijumaa."

Mapafu alisogea mbele ya Babu. "Ni mimi, shangazi. Babu hakujua. Nilitaka kulipiga kwenye mashindano, nikalificha, nikasema limeibwa."

Fundi cherehani alilipakata tarumbeta. "Kila gari lililosimama nje," alisema, "Mama aliniuliza, 'Ndio wao?' Sikuweza kumwambia limeibwa. Nikawa namwambia mko njiani. Amekufa akiamini mko njiani."

"Nikupigie, shangazi? Naweza kulipiga polepole."

"Hapana. Aliyetaka kulisikia hayupo."

Alilibeba ndani. Kupitia mlango uliobaki wazi waliona kitanda kimeondolewa shuka, godoro limekunjwa. Akaliweka tarumbeta juu ya kitanda, akabaki ameliinamia.

Kiongozi wa wale wageni wa siku ile alikuwa jirani, akaitwa. Mapafu alirudia maneno yale yale mbele yake, bila kupunguza. Mzee yule alivua kofia, akamgeukia Babu.

"Nilikuita mwongo mbele ya watu wako. Nisamehe. Mkanda nitauvusha mimi mwenyewe, na hayo maneno nitayafuta mbele ya watu wale wale."

Akafanya hivyo. Ukumbini, safari hii, hakuna aliyepiga kelele za nani aanze. Mzee wa mkongojo alikuwa wa kwanza kuweka darubini mezani, ameona haya, na wengine wakamfuata. Mpishi aliushika mkanda, akautafuta ule uzi mwekundu kwa vidole, akaubusu. Waliuzika nyuma ya nyumba yake, penye kivuli, na Mapafu akasaidia kuchimba.

Walipokuwa wakirudi nyumbani, Mapafu aliuliza, "Babu, yule shangazi amenisamehe?"

"Hakusema."

"Na wewe?"

"Mimi nilikusamehe siku ile ile. Na bado inaniuma. Mambo hayo mawili yanakaa pamoja." Babu alisimama, akamshika bega. "Sikiliza, mjukuu wangu. Mimi nililiita langu kwa sababu nililipata vitani. Wewe ukaliita lako kwa sababu unajua kulipiga. Mwenyewe alikuwa mama mmoja kitandani. Kitu cha mtu mrudishie angali anaweza kukipokea, na ukweli useme mapema, ungali unaweza kumsaidia mtu. Ukweli wako umemfikia mpishi. Yule mama haukumfikia."

"Sasa nifanye nini, Babu?"

"Mkumbuke. Usijidanganye kwamba tumemaliza kwa sababu tumerudisha."

Wakaendelea na safari. Mapafu alilia njia nzima, na Babu hakumwambia anyamaze.