Chumvi ya Nyumba Saba

Otim hakuwa mtu wa kuiona foleni akaipita. Mwaka huo wa sabini na sita Kampala nzima ilishajifunza kusimama kwanza na kuuliza baadaye, na yeye alikuwa mwanafunzi wa mbele kabisa. Asubuhi ile alikuwa anateremka kilima cha Old Kampala, suruali yake ya bugaluu ikifagia vumbi, akaona watu kama mia moja wamejipanga mbele ya duka lililokuwa la Mhindi. Akajibandika mkiani. Ilipita saa nzima ndipo alipomgusa bega msichana aliyesimama mbele yake.

"Dada, samahani. Hapa wanauza nini?"

Msichana akageuka. Alivaa kitenge cha kijani kilichoshonwa kikamkaa, na kilemba cha kitambaa hicho hicho kimepanda juu ya kichwa kwa madaha. Akamkagua kijana kuanzia kwenye afro hadi kwenye viatu vya soli nene, kisha akacheka bila kujificha.

"Saa muzima umesimama na haujui?"

"Nilifikiri sukari."

"Ni chumvi, papa. Na weye utabeba mu nini? Mu mifuko ya suruali?"

Waliokuwa karibu wakaangua kicheko. Otim akaitazama mikono yake mitupu, akatamani ardhi impasukie. Msichana akafungua mkoba, akatoa mfuko wa kitambaa, mweupe, uliopigwa pasi na kukunjwa mara nne.

"Mimi natembea na mitatu kila siku. Shika huu."

"Bei gani?"

"Hauuzwi. Utanirudishia ukiwa umefuliwa. Niko nashona pale juu, duka lenye mlango wa bluu. Simu iko, lakini bosi hapendi."

Jina lake lilikuwa Kavugho, mtu wa Butembo, Kongo. Otim alirudi Nsambya na kilo moja ya chumvi na moyo usiotulia, akaufua mfuko ule mara mbili ijapokuwa ulikuwa safi.

Bosi asipende, Otim alikuwa na dawa yake. Kazi yake ilikuwa kuunganisha simu za reli. Alikaa siku nzima mbele ya ubao wa matundu na nyaya, na waya mmoja ukipata nafasi, ulikwenda Old Kampala.

"Halo? Mshonaji?"

"Nani?"

"Mtu wa mfuko."

"Ah, mutu wa mfuko! Umefua?"

"Nimefua. Lakini sasa naogopa kuurudisha. Nikirudisha, nitakuja tena kwa sababu gani?"

"Utatafuta sababu ingine, sheri. Weye ni mutu wa foleni, utaipata."

Sababu zikapatikana. Kila Jumapili Otim alipanda baiskeli mpaka Kansanga, kwenye ua wa nyumba saba kando ya barabara ya Ggaba, ambako Kavugho alikodi chumba kimoja. Na ndani ya chumba kile kijana aliyezoea kumaliza mshahara kwa wiki mbili alikwenda shule upya. Kavugho alichemsha maharage kwa muda mfupi tu, kisha akaiweka sufuria ndani ya kapu lenye majani makavu ya migomba, akalifunika blanketi kuukuu. Wakaenda kutembea. Waliporudi maharage yalikuwa yameiva bila kuongeza mkaa hata wa kijiko. Njiti ya kiberiti aliipasua kwa wembe zikawa mbili. Sabuni aliikata vipande akaviacha juu ya kabati wiki tatu vikauke, ndipo atumie, maana sabuni mbichi inakwisha haraka. Shuka alizifua kwa majani ya mpapai. Chai walikunywa bila sukari kikombeni. Sukari ilikaa kiganjani, unaramba kidogo, unapiga funda.

"Hii ni mapenzi au ni jeshi?" Otim aliuliza siku moja, akiramba kiganja.

"Ramba pole pole. Unaramba kama mutu ana kiwanda."

Alimpenda kwa hayo yote, na bado hakusema neno la ndoa. Mwezi wa nane Ongom, aliyekaa naye kwenye ubao wa simu, hakuja kazini. Jumanne hakuja, Jumatano hakuja, Ijumaa kiti chake kikapewa mtu mwingine, na hakuna aliyeuliza. Ongom alikuwa Mwacholi kama Otim, na askari wa serikali walikuwa wakiwawinda Waacholi. Mtu wa namna hiyo anaoa vipi, alijiuliza, wakati hajui kama wiki ijayo atakuwapo? Tangu hapo alianza tabia ambayo waendesha simu wanakatazwa: akishaunganisha watu, hakuondoa sikio.

Ndivyo alivyosikia, Jumamosi ya mwisho wa mwezi, saa sita mchana, sauti nzito ya askari wa stesheni ikimwambia mwenzake: "Leo, Ggaba Road. Nyumba kwa nyumba. Mutu iko na chumvi mingi, iko na sukari mingi, funga yeye."

Otim hakungoja wamalize. Akachomeka waya wa Old Kampala.

"Kavugho amepeleka gauni kwa mteja," bosi akajibu. "Una ujumbe?"

Ujumbe upi angempa mtu asiyemjua, kwenye waya ambao yeye mwenyewe alijua jinsi unavyosikilizwa?

"Hapana, mzee. Asante."

Aliomba ruhusa akisingizia kwamba tumbo linamsokota, akaikanyaga baiskeli mpaka Kansanga. Ua ulikuwa kimya; habari ya mafuta ya taa ilikuwa imewachomoa wanawake wote kwenda dukani. Ufunguo wa Kavugho aliujua ulipo, chini ya sigiri, jiko lake la mkaa. Akafungua, akasimama kama aliyepigwa kofi.

Sakafuni palikuwa na karai limejaa chumvi. Kando yake kikombe cha kupimia, na mafundo manne yaliyokwisha kufungwa kwa vipande vya vitenge. Mafundo ya namna ile aliyajua. Ndiyo yaliyouzwa na wanawake wa magendo kwenye milango ya baa, kwa bei ya kumtoa mtu machozi. Kumbe! Miezi minane anamrambisha sukari kiganjani, kumbe ana biashara! Hasira ikampanda, lakini hofu ikaishinda: wakimkuta na shehena hii, mwanamke, mgeni, bila ndugu, nani atamwona tena?

Hakufikiri mara mbili. Alilibeba karai mpaka kijito cha bondeni nyuma ya nyumba, akalimimina. Akarudi akachukua mafundo, akayafungua moja moja majini. Chumvi haikuchelewa, iliyeyuka yote. Alisimama pale jasho likimtiririka, akijiona mwanamume wa kweli.

Kavugho alimkuta ameketi kitandani.

"Iko wapi?"

"Nimekuokoa. Askari wanakuja leo, nimesikia na masikio yangu. Nimemwaga yote."

"Yote?"

"Yote. Na wewe kwa nini hukuniambia unauza magendo?"

Kavugho akashika ukingo wa meza. Kabla hajafungua mdomo, mngurumo wa malori ukasikika barabarani, wote wawili wakageukia mlango. Lori la kwanza. La pili. La tatu. Hakuna lililosimama, yaliendelea kuelekea ziwani mpaka sauti ikafa.

"Haikuwa yangu," akasema polepole. "Ilikuwa ya nyumba saba."

Akamweleza, na kila neno lilimchoma Otim mahali pake. Wanawake wa ua ule walikuwa na utaratibu wao. Kila mwisho wa mwezi chumvi ya nyumba zote ilikusanywa chumba kimoja kwa siku moja, ikapimwa, ikafungwa mafundo, kisha kila mama akaondoka na fundo la mwenzake, wala si la kwake. Chako unakichota ovyo. Cha mwenzako unaogopa kukigusa, kwa hiyo kinadumu. Na askari wakiifagia nyumba moja, nyumba sita zimebaki. Mwezi huu zamu ya kupima ilikuwa ya Kavugho, mara ya kwanza tangu ahamie. Siri hiyo hawakuambiwa wapita njia.

"Ungeniambia!" Otim akasema.

"Ningekuambia kama nani?" Machozi yalikuwa yanamlenga. "Mume wangu? Muchumba wangu? Miezi minane unakula mu nyumba yangu, haujasema weye ni nani. Toka, Otim."

"Kavugho, mpenzi..."

"Toka kabla haujanipigisha kelele!"

Wiki nzima waya wa Old Kampala ulifanya kazi bure.

"Kavugho, sikiliza..."

Kata.

"Sheri, dakika moja tu..."

Kata. Mara ya tano alijibu bosi mwenyewe, na aliyoyasema hayaandikiki. Otim akawa hali, anavuta sigara, anaamka kila gari likipunguza mwendo nje, na hakujua tena ni askari anaowaogopa au ni kumkosa yule binti.

Siku ya kumi simu ikaja upande wake.

"Wewe ndiyo Otim ya reli? Mimi Akidi, jirani ya Kavugho. Bwana yangu ni sajenti, napigia hapa kwa ofisi yake, sina muda." Sauti ilikuwa ya mwanamke aliyezoea kusikilizwa. "Yeye amesema chumvi imepotea kwa mikono yake. Hasemi zaidi. Watu wanasema Mukongomani ameuza. Mwenye nyumba amempa mpaka mwisho ya mwezi alete chumvi au atoke. Sasa mimi nauliza: Jumamosi ile baiskeli yako ilikuwa nafanya nini kwa mlango yake?"

Otim akauinamia ubao. "Hajataja jina langu?"

"Ata mara moja. Akitaja, bwana yangu angekufunga siku hiyo hiyo, na jina kama hiyo yako ikiingia ndani haitoki. Yeye anajua. Basi wewe jua pia."

Jumapili hiyo, watu wakitoka kanisani, Otim aliingia uani. Wanawake walikuwa wamekaa wakimenya matoke. Akapiga magoti mbele ya mwenye nyumba, mama mmoja mzee wa Kiganda, Teresa, aliyevaa gauni la gomesi la zambarau.

"Jaja, Kavugho hakuuza. Mimi ndiye nilimwaga kwa kijito. Niliogopa askari."

"Urimwaga?" Mzee Teresa akashika kifua. "Chumvi ya nyumba saba? Katonda wange, Mungu wangu!"

Mwanamke mmoja akapasuka kucheka, na wa pili. Mwanamume mzima kukimbizwa na chumvi! Kavugho hakucheka. Alikuwa mlangoni kwake, amekonda, mikono kiunoni.

"Nani amekuita hapa? Unataka wakufunge?"

"Bora wanifunge kuliko wakufukuze."

"Kufunga mutu hakureti chumvi," Mzee Teresa akakata maneno. "Reta chumvi. Mambo ya kuria machozi mtafanya nyuma."

Kupata chumvi ya nyumba saba Kampala ya mwaka ule kwa foleni peke yake kungemchukua mwaka. Otim akamfuata gadi wa treni ya Kasese, kwani Kasese iko karibu na Katwe, na Katwe kuna ziwa la chumvi. Gadi alikuwa ameitamani gramafoni ya Otim kwa muda mrefu. Ikaenda gramafoni, zikaenda sahani za muziki, mwisho gadi akaikazia macho bugaluu yenyewe, ikaenda. Siku nne kabla ya mwezi kwisha gunia likateremka Kampala limefunikwa na mikungu ya ndizi. Chumvi ya mabonge, ya kijivu, chungu kidogo kwenye ulimi, lakini chumvi.

Aliipeleka nyumba kwa nyumba na kikombe mkononi, ndani ya suruali fupi kuukuu ya kazini. Kila mlango aliomba radhi upya, na kila mlango alichekwa upya. Akidi alimcheka, kisha akampa na kikombe cha uji. Mlango wa mwisho ulikuwa wa Kavugho.

"Miguu yako ni myembamba," Kavugho akasema. "Bugaluu ilikuwa inakuficha."

"Cheka. Nimekuja kuchekwa."

Kavugho akapima fungu lake, akalifunga, akalikaza fundo kwa meno. Lakini hakuliweka kabatini. Akamnyoshea.

"Hii ni yangu. Iende kwako."

Otim hakuipokea. "Nsambya? Kavugho, usicheze. Ongom alikuwa na jina kama langu. Siku moja watakuja kwangu, watabeba mimi na chumvi."

"Najua."

"Basi mpe Akidi. Nyumba ya sajenti iko salama."

"Sijauliza Akidi. Niko nauliza weye." Sauti yake ikaanza kutetemeka, akaiacha itetemeke. "Mutu hakuli ya mwenzake. Utaitunza mwezi muzima, na siku ya mwisho utairudisha kwa miguu yako hii myembamba. Na mwezi ule mwingine vile vile. Umesikia, Otim? Kila mwezi utarudi hapa. Sitaki kuletewa habari, nataka unirudishie mwenyewe."

Kumbe woga uliokuwa unamla Otim ulikuwa unamla na yeye. Otim akalipokea fundo kwa mikono miwili.

"Nilikuwa nafikiri mtu kama mimi hapaswi kuoa," akasema.

"Na mimi nani aliniuliza?"

"Nakuuliza sasa. Nioe? Nikuoe wewe, na hii hofu yote?"

Lori likapita barabarani. Wakalisikiliza mpaka mwisho, kama watu wote wa Kampala walivyofanya.

"Andikia wazee wako leo," Kavugho akasema. "Na ulete chumvi yako hapa. Ya mume wangu nitaitunza mimi."

Nje, Mzee Teresa alikuwa anakusanya mafundo ya nyumba zote ayagawe upya, kijiti cha kuhesabia mkononi. "Wewe Kavugho! Nahesabu nyumba ngapi mwezi huu?"

"Nane, jaja," Kavugho akajibu, kisha akamsukuma Otim taratibu kuelekea kwenye baiskeli, ili afike Nsambya jua likingali juu.