Kiziba cha Fidla

Mina akilala mchana, mama yake hakuthubutu kupiga fidla bila kiziba. Ni kidude cha mpira tu, unakipachika juu ya daraja linalobeba nyuzi, na sauti inanywea. Mtoto mwenyewe alikuwa bado ananyonya, lakini akikatizwa usingizi Mapinga nzima ilipata habari.

Adhuhuri moja mama huyo, Nadhira, alikuwa sebuleni akitafuta sauti ya mzuka, kwa mchezo wa jukwaani alioombwa kuupigia muziki. Kiziba peke yake hakikumtosha. Akausogeza uta hadi karibu kabisa na daraja, fidla ikakwaruza. Akarudia, safari hii akiugusa uzi kwa ncha ya kidole bila kuukandamiza. Ikatoka sauti nyembamba mfano wa mluzi, na ndani ya mluzi ule mtu akaita.

"Nadhiraa."

"Abee," akaitika, kama alivyolelewa. Bibi yake alimkanya tangu utotoni asiitikie sauti ya mtu asiyemwona, ila adabu ilishamtoka mdomoni. Nyumbani hakukuwa na mtu mwingine ila Mina aliyelala.

Sebule ikanukia udi ambao hakuna aliyeuchoma. Nadhira akatupa uta, akakimbilia chumbani. Mina alikuwa ameketi kitandani, kinywa wazi, machozi yakimchuruzika, kifua kikipanda na kushuka, analia kwa nguvu zake zote, na sauti haitoki hata chembe.

Hospitali wakamulika koo, wakasema ni zima. Ndipo Najim, mumewe, alipokwenda Kerege kumleta Bi Habiba, mganga mfupi asiyejua kubembeleza mtu.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Ulimwitikia?"

Nadhira akainamisha kichwa.

"Basi ulimkaribisha mwenyewe. Sasa piga vilevile ulivyopiga. Kiziba, uta, kidole. Atakuja na sauti ya mtoto, ataita. Wewe nyamaza. Akikosa wa kumwitikia atachoka, ataiachia. Ukiitika tena, ya mtoto ataitema, atabeba yako, na hiyo hairudi. Umenisikia?"

"Nimekusikia, bibi."

Najim akampakata Mina. Nadhira akapachika kiziba, akausogeza uta hadi karibu na daraja, akaugusa uzi, na mluzi ule ukatoka tena, na udi ukajaa pale pale, mzito, na kutoka tumboni mwa fidla, chini kabisa ya sauti iliyozibwa, kikaja kilio cha Mina, kilekile cha njaa ya alfajiri ambacho angekitambua katikati ya watoto elfu.

"Usithubutu," Bi Habiba akanong'ona.

Akauma mdomo. Kilio kikatoka kwenye fidla, kikazunguka sebule, kikasimama mlangoni kama kinachomngoja, kisha kikaenda uani, na kutoka uani kikaanza kufifia kuelekea barabarani, na kila kilivyofifia ndivyo kilivyomwita kwa uchungu zaidi.

"Anaondoka nayo!"

"Anakutega, mwanangu. Ngoja."

"Bibi, anaondoka nayo!"

"Ngoja, nakwambia!"

Nadhira akamtazama mwanawe. Mina naye alikuwa akimtazama yeye, kinywa wazi, kimya. Kule nje kilio kilibaki kama uzi mmoja. Aliogopa kuliko alivyowahi kuogopa maishani, na alijua vizuri sana anachokifanya.

"Abee!" akapaza sauti. "Abee, mwanangu!"

Udi ukakatika ghafla. Mina akavuta pumzi, akaangua kilio kilichotikisa madirisha. Najim akaruka, akicheka na kulia kwa pamoja.

"Mama Mina, umemsikia? Msikie mwanao!"

Bi Habiba hakucheka. Alikuwa akiutazama mdomo wa Nadhira, uliokuwa ukisema alhamdulillahi bila kusikika.

Nadhira akampokea mtoto, akamlaza kifuani, akaanza kumwimbia kama kila siku. Mina akanyamaza, akauangalia ule mdomo unaofunguka na kufungika, akangoja, akangoja, kisha akaanza kulia upya, akimtafuta mama yake kwa macho chumba kizima.